Nyumba Iliyohamia Zizini

Nyinyi mnaojifunza ujenzi siku hizi mnafundishwa na watu ambao hawajawahi kuikimbiza nyumba. Mimi nimeikimbiza. Nimeibeba kwa mikono hii hii, ukuta mmoja baada ya mwingine, moshi umenijaa puani, na mwenye nyumba yuko nyuma yangu ananiambia fundi, angalia usikwaruze rangi. Kwa hiyo wekeni simu chini kidogo. Niwaeleze kazi ya nyumba za vipande ilivyokuwa huku kwetu Bariadi, zama zile biashara ilipofunguliwa na kila mtu mwenye gari na mdomo akaitwa mwekezaji.

Wakati huo Simiyu halikuwa jina la mkoa. Ulikuwa mto tu, tena kiangazi mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu. Sisi tulikuwa watu wa Shinyanga. Ushirika uliokuwa unanunua pamba yetu tangu tuzaliwe ulikuwa unakata roho polepole, na kabla haujazikwa wakaja wanunuzi binafsi. Kulikuwa na mwenye mizani asiye na ghala, kulikuwa na mwenye ghala asiye na mizani, na mwingine alikuja na maboksi ya kofia tu. Hizo kofia ziligawiwa mpaka zikakosa watu wa kuvaa. Ulikuwa huwezi kumjua tajiri wa Bariadi kwa kichwa chake, maana hata mwendawazimu wa sokoni alikuwa na kofia mpya ya kampuni.

Kampuni iliyoniajiri mimi silitaji jina lake, ilishakufa na sitaki kuisumbua. Ilinunua pamba Kasoli na kuelekea Zagayu, na makarani wake walihitaji pa kulala. Mtu mwenye akili zake angewajengea kwa tofali za kuchoma, udongo upo na mafundi tupo. Lakini meneja wetu alikuwa ametoka Dar es Salaam na alikuwa amehudhuria semina. Akaagiza nyumba ng'ambo. Zikaja juu ya lori zimelala chali, zimevishwa plastiki, watoto wa njiani wakazikimbilia wakidhani ni friji.

Tulimwita Bwana Paneli, kwa sababu neno hilo halikumtoka kinywani. Paneli ni ukuta uliokwisha tengenezwa kiwandani: bati huku, bati kule, katikati kitu cheupe laini kama godoro. Unazisimamisha ubavu kwa ubavu, unazifunga kwa boliti na nati, juu unalaza paa la namna hiyo hiyo, kazi imekwisha. Asubuhi hapana kitu, jioni mtu anachemsha chai. Sitawadanganya, mara ya kwanza nilipoona nyumba inaota namna ile nilifurahi mpaka nikasahau kula.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Hamisi, seremala wa mjini Bariadi, mzaliwa wa Ujiji, aliyekuja kwetu kununua ng'ombe mmoja na akakaa maisha yake yote. Alifundisha kwa kusimanga. Ukipinda msumari alikuwa anauokota, anautazama kwa huruma, anauambia pole, halafu anakupa mwingine. Kampuni ilipomchukua kuwa msimamizi alinibeba na mimi. Karatasi za kiwandani zilikuwa na namba na herufi za lugha tusiyoijua, akazikunja akawashia jiko. Akachukua kopo la rangi, akaanza kuchora wanyama kwenye kila ungio: ukuta wenye kuku unakaa na ukuta wenye kuku, mbuzi na mbuzi, ng'ombe na ng'ombe, punda na punda. Njia nzuri sana, na hata leo nawaambia: kabla kipande hakijashuka kwenye lori, kitie alama yako mwenyewe, ndani, mahali mvua haifiki. Ila kama hujui kuchora, tumia kitu kingine. Mzee Hamisi mbuzi wake na ng'ombe wake walikuwa watoto wa mama mmoja.

Nyumba ya kwanza tuliiweka Kasoli juu ya ardhi, kama picha ya tangazo ilivyoonyesha. Picha hiyo haikupigwa kwenye udongo wa mbuga. Udongo wetu mweusi mnaujua: kiangazi unapasuka mpaka mguu unazama, masika unavimba. Mvua ziliponyesha ardhi ikanyanyuka upande mmoja, mlango ukabana, na karani wetu akawa ndani. Msimu ule wote alitoka kwa dirisha. Alikuwa mtu wa heshima zake, ana tai, na kila asubuhi wakulima waliosubiri kupima pamba walimpokea miguu kwanza. Hakulalamika hata siku moja, alisema ni mambo ya kisasa.

Baada ya hapo tukazipa miguu ya zege, tukachimba mpaka tukaupita ule udongo mweusi. Nyumba zikatulia. Lakini sasa chini ya sakafu pakabaki uwazi, na huku kwetu hakuna anayeacha mahali patupu. Ukigeuka tu pameingia kuni. Ukigeuka tena pameingia michembe ya viazi vikavu, ngozi kavu, pumba, na pamba iliyokataliwa kwenye mizani. Bwana Paneli alipita akiinama, akatazama, akasema wananchi wamebuni ghala asilia. Akaandika.

Jambo la moto ndilo lililokuwa fahari yake. Nyumba hizi, alisema, haziungui. Siku ya gulio Kasoli akasimamisha paneli moja katikati ya watu, akawasha njiti ya kiberiti, akaigusisha ukutani. Njiti ikazima. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga kuliko wote kwa kuwa nilivaa kofia. Akawasha ya pili, ikazima. Mama mmoja muuza dagaa akauliza kama huko zinakotoka moto wote ni wa saizi hiyo. Bwana Paneli akacheka, akampa kofia.

Wiki hiyo hiyo mpishi wetu aliokota kipande kilichokatwa akakizungushia jiko kukinga upepo. Bati halikufanya kitu. Lile godoro la katikati likaanza kulia, likayeyuka, likashika, moshi mweusi ukatutoa wote kambini na maharage yakawa na harufu ya gurudumu. Tukamwita Bwana Paneli aone. Akasema mpishi ametumia bidhaa kinyume cha maelekezo. Tukamwuliza maelekezo yanasemaje. Yalikuwa yale Mzee Hamisi aliyowashia jiko.

Sasa niwape habari ya Mama Minza, maana ndiyo niliyokaa hapa kuwaambia.

Mama Minza alikuwa mjane, akikaa kando ya njia ya kwenda Zagayu. Mumewe alikufa akamwachia kiwanja na shamba la pamba walilolima pamoja, yeye na jembe lake, huyu na lake. Mtoto wao alikuwa mmoja, Minza, ameolewa Ipililo. Ubavuni kwake alikaa shemeji yake, Masunga, mdogo wa marehemu, mtu wa ng'ombe wengi na sauti kubwa. Masika ile, nyumba ya udongo ya Mama Minza ilianguka, ukuta wa nyuma wote, na kabla vumbi halijatulia Masunga alikuwa ameshafika kwa mwenyekiti wa kijiji.

Alisema hivi: "Kaka yangu alimpa mke wake mahali pa kukaa, hakumpa ardhi. Nyumba imeanguka, kukaa kumekwisha. Aende kwa binti yake."

Mwenyekiti alikuwa mtu ambaye hakupenda kuchukiwa na yeyote. Akasema kikao kitakaa baada ya msimu wa pamba, na siku hiyo mwenye nyumba iliyosimama juu ya ardhi, ardhi ni yake. Masunga akakubali mbele ya watu wote, tena akashukuru, kwa kuwa alijua shemeji yake hana hata tofali. Mama Minza alikuwa analala kwenye kibanda cha kuku. Kwenda Ipililo kulala nyuma ya mlango wa mkwewe, katika umri ule, baada ya kuilima ardhi ile mpaka mgongo ukapinda, kulikuwa kumzika akiwa hai. Aliniambia mwenyewe kwa maneno hayo.

Ndipo Bwana Paneli akapita na gari lake akitafuta mahali pa nyumba ya maonyesho, barabarani, watu waione. Masharti yalikuwa mepesi: mtu atoe mahali, apokee wageni wa kampuni, aweke nyumba safi, na msimu ukiisha nyumba inabaki yake. Mama Minza alimsikiliza mpaka mwisho akiwa amekaa juu ya kinu kilicholala. Akauliza swali moja tu.

"Itasimama mpaka lini?"

"Mama, hii itasimama milele," akasema Bwana Paneli.

"Milele sina haja nayo," akasema Mama Minza. "Mimi nataka mpaka kikao."

Tukaijenga mimi na Mzee Hamisi. Vyumba viwili, rangi ya maziwa, miguu ya zege, dirisha zuri la mbele. Masunga alikuja kila siku kutazama. Alisimama tu akiwa ameegemea fimbo yake, na kila boliti niliyofunga niliona kama naifunga kwenye mwili wake.

Hapo nyuma ya kiwanja palikuwa na ngitili ya ukoo. Nyinyi wa mjini sikilizeni: ngitili ni eneo la majani ambalo watu wanalifunga tangu mvua, ng'ombe haingii, majani yanarefuka na kukauka yakiwa yamesimama, ili kiangazi kikikaza mifugo ipate cha kula. Ni akiba. Lakini mwezi ule kabla haijafunguliwa, ngitili ni petroli iliyosimama wima. Kila kaya iliyokaa karibu na ngitili ilikuwa na uwanja uliofagiwa mpaka ukang'aa, na mbuzi wakila kila jani linalothubutu kuota.

Bwana Paneli hakutaka mbuzi kwenye picha. Akazungushia nyumba uzio wa nguzo na waya, mbuzi wa Mama Minza wakafukuzwa, ng'ombe wakakatazwa kusogea. Majani yakaona nafasi yao. Yakaota ndani ya uzio, yakapanda, yakakauka, yakaungana na ngitili. Mama Minza alipochukua fyekeo akaambiwa aache, rangi ile ya dhahabu inapendeza na inaitwa bustani. Mimi nilisema kidogo, Mzee Hamisi akasema zaidi, tukajibiwa kwamba ile ni nyumba isiyoungua, sasa tunaogopa nini. Sote tulishapiga makofi Kasoli.

Sasa jueni sheria ya pamba. Ukishavuna, miti yake unaing'oa na kuichoma, ili wadudu wasikungoje msimu ujao. Bwana shamba hupita kuhimiza, na asiyechoma anapigwa faini. Kwa hiyo moto wenyewe haukuwashwa na mhuni wala mchunga ng'ombe. Uliwashwa na mkulima mtiifu, mchana kweupe, kwa amri halali, upande wa pili wa ngitili. Upepo haukuwa umesomewa hiyo amri.

Siku hiyo mimi na Mzee Hamisi tulikuwa pale kwa Mama Minza. Wageni wa kampuni walikuwa waje kesho yake na kamera, tukatumwa kupaka rangi upya mlango. Kikao cha kijiji kilikuwa juma lile lile. Mama Minza alikuwa anatupikia ugali, akiimba kidogo, jambo ambalo sikuwahi kumsikia akifanya. Nikanusa moshi, nikadhani ni ugali umeshika chini. Nikamtania. Alipogeuka kunijibu akatazama nyuma yangu, na mwiko ukamdondoka.

Ngitili ilikuwa inawaka. Bado ilikuwa mbali, lakini ilikuwa inakuja kwetu upana wote, na sauti yake ilikuwa ya mvua ya mawe juu ya bati. Mama Minza akapiga mwano.

Mwano ni ule ukelele wa kuita watu kwenye hatari. Ukipigwa, wa kwanza kuusikia anaupokea na kuupeleka mbele, kijiji kizima kinaamka. Na mwano hauna habari na ugomvi wako. Umsikie adui yako, uende. Asiyefika anatozwa ng'ombe, na akibisha anatengwa: hasalimiwi, haombi moto kwa jirani, akifiwa anachimba kaburi peke yake. Kwa hiyo walikuja wote, na mapanga, majembe, matawi mabichi. Masunga naye alikuja. Alikuja wa mwisho, kwa mwendo wa mtu anayekwenda kwenye harusi ambayo hakualikwa, lakini alikuja.

Kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji, aligawa watu papo hapo. Nusu wakaenda kuupiga moto kwa matawi na kufyeka, kuuchelewesha. Hakuna aliyesema utazimwa, majani yalikuwa yamefika kifuani. Nusu wakabaki na sisi. Tulianza kutoa kuni chini ya sakafu, na michembe, na gunia la pamba mbovu, na kila tulichotoa kilikuwa na kingine nyuma yake. Mzee Hamisi aligonga ukuta kwa vidole, akanitazama. "Shija," akasema, "unakumbuka yale maharage?"

Nilikumbuka. Nikamtazama Mama Minza. Alikuwa amesimama katikati ya ile bustani ya dhahabu, kanga imemshuka begani, na sijaona uso wa mtu mzima ukiwa mtupu namna ile. Nyumba ikiungua, juma lile lile alikuwa hana kiwanja, hana shamba, ana mlango wa mkwewe. Aliijua hesabu hiyo kuliko sisi. Halafu akasema, tena kwa hasira, kama sisi ndio tuliokuwa tunamchelewesha:

"Si mlileta kwa vipande? Basi iondoeni kwa vipande."

Wanangu, sijafanya kazi haraka namna ile tena. Kufungua ni kazi tofauti na kufunga. Ukifungua anza na paa, usiguse ukuta kabla paa halijashuka, na usifungue nati mpaka mwisho kabla hujaona mikono ya watu imeshika kipande, vinginevyo kitakushukia. Nilikuwa juu na spana, Mzee Hamisi chini na spana nyingine, wanaume wanapokea. Tatizo lilikuwa moja: tupeleke wapi. Kila upande majani.

Kamanda akaangaza, akanyoosha fimbo. "Zizini kwa Masunga."

Ni kweli hapakuwa na mahali pengine pa karibu penye nafasi ya nyumba nzima. Zizi la Masunga lilizungushiwa minyaa mibichi, na ndani yake ng'ombe wa vizazi walikuwa wamekanyaga mpaka ardhi ikawa ngumu kama sakafu, hakuna hata unyasi. Na saa hiyo ng'ombe walikuwa malishoni. Masunga akafungua mdomo. Watu wote wakamtazama, wanaume waliokuwa na masizi usoni na matawi mkononi. Masunga akafunga mdomo, akainama, akashika pembe ya ukuta.

Tulipeleka paa, tukapeleka kuta, tukarudi kuchukua mlango, rangi yake bado mbichi. Ndipo Mama Minza alipokuwa nyuma yangu na habari za kukwaruza. Kipande cha mwisho alikibeba Masunga na kijana wa jirani, moto ukiwa umeshaingia kwenye uzio. Nguzo za Bwana Paneli ziliwaka zote. Bustani iliisha kwa muda ambao usingemaliza kikombe cha chai. Moto ukalamba sakafu tuliyoiacha, ukala zile kuni na michembe, ukavuka njia, ukafika kwenye uwanja uliofagiwa wa jirani, ukakosa chakula, ukafa. Kiwanjani ikabaki miguu ya zege peke yake.

Watu wakakaa chini zizini, wanakohoa, maji yanapitishwa. Mzee Hamisi alikuwa amejilaza juu ya ukuta wenye punda. Nikamwambia Mama Minza nyumba yake imepona, apumzike, kesho tutaangalia.

"Msikae," akasema. "Isimamisheni."

"Mayu, mama yetu, watu wamechoka," akasema kamanda. "Kesho."

"Kesho atakuja nani? Leo mko wote." Akatazama zile kuta zilizolala kwenye samadi. "Nyumba iliyolala si nyumba. Isimamisheni."

Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wamesikia maneno ya mwenyekiti, na wote walijua kikao ni lini. Kamanda akainuka. Mwano ulikuwa haujafungwa, na mpaka ufungwe kazi ni ya wote. Tukaanza. Hapo ndipo uchoraji wa Mzee Hamisi ulipotuadhibu, maana tulioanisha mbuzi na ng'ombe mahali pawili, na kwa haraka ile hakuna aliyegundua mpaka tulipokwisha kukaza. Dirisha zuri la mbele likawa chini, magotini, linatazama minyaa. Lakini ilisimama. Pembe ya mwisho ya paa aliishika Masunga, mikono juu, jasho linamtiririka, mimi nikiifunga. Alikuwa ameanza kuelewa anachokijenga. Nilimwona anaelewa.

Jioni ng'ombe waliporudi wakakuta nyumba. Walisimama kwenye lango, wakatazama, dume kubwa likainama likachungulia dirishani. Mama Minza alikuwa ndani, ameshawasha moto wa mafiga, anasonga ugali wa pili wa siku hiyo. Ng'ombe wakalala nje, na Masunga akalala nao, na mkuki, kwa ajili ya fisi.

Kesho yake Bwana Paneli alifika na wageni. Akakuta miguu ya zege na majivu. Tukamwonyesha zizini. Akawageukia wageni akawaambia kwamba hii ndiyo faida ya nyumba ya vipande, inahama na mfugaji. Wakapiga picha nyingi, pamoja na lile dume. Nilisikia baadaye kuwa picha hiyo ilitundikwa ofisini Dar es Salaam, na chini yake imeandikwa kwamba nyumba imebuniwa mahsusi kwa jamii za wafugaji, ikiwa na dirisha la kumwangalia ng'ombe ukiwa umekaa. Baada ya msimu ule bei ya pamba ikaanguka, kampuni ikaondoka na mizani yake, hata kuaga haikuaga.

Kikao kilikaa ndani ya ghala la pamba, lilikuwa tupu. Masunga alisimama wa kwanza, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Akasema kila mtu ameona kiwanja cha shemeji yake ni majivu, nyumba hakuna, na neno la mwenyekiti lilikuwa wazi.

Mwenyekiti akauliza nyumba iko wapi. Watu wakaonyesha kwa vidole upande wa zizi.

"Imesimama au imelala?" akauliza tena.

"Imesimama," kamanda akajibu.

"Juu ya ardhi gani?"

Kicheko kilianzia nyuma, kwa akina mama, kikaja mbele polepole. Mwenyekiti, mtu ambaye hakupenda kuchukiwa, alikunja uso kuzuia wake, akashindwa. Masunga hakucheka. Alikuwa amekubali sheria ile mbele ya kijiji kizima, akashukuru, na kwa mikono yake mwenyewe aliinua paa juu ya zizi la baba yake.

Mama Minza akasimama. Alizungumza taratibu. "Zizi la shemeji silitaki. Ng'ombe hawana kosa. Lakini nyumba yangu sitaibeba kuirudisha mahali ambapo mnasema si pangu. Nikiambiwa ni pangu, leo leo nahama."

Masunga aligeuza kichwa kuelekea mlangoni. Nje tulisikia ng'ombe wake wanalia. Mwisho akasema, macho chini, kwamba kiwanja na shamba ni vya shemeji yake, na baada yake ni vya Minza. Mwenyekiti akamwomba arudie kwa sauti, wa nyuma wasikie. Akarudia.

Tulihamisha siku ile ile. Masunga alibeba kuliko wote, tena mbio, hata kwenye mwano hakukimbia hivyo. Tuliirudisha juu ya miguu yake ya zege, na sakafu mpya ya mbao, safari hii kuku na kuku, mbuzi na mbuzi, dirisha likapanda mahali pake. Mbuzi wakarudishwa uwanjani, chini ya sakafu hatukuacha kitu. Nilikuwa nimekaza pembe zote kwa nguvu zangu zote, nimeegemeza mwili mzima kwenye spana, kwa sababu nilimpenda yule mama na nilitaka nyumba yake isitikisike tena. Nikakusanya vifaa nimuage.

Mama Minza akaizunguka nyumba, anapapasa nati kwa vidole. Akarudi, akanishika mkono.

"Bhabha," akasema, "hizi usizikaze sana. Masunga ana watoto wa kiume, na zizi lao liko palepale."

Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania. Nikafungua mfuko, nikatoa spana, nikaanza tena pembe ya kwanza, nikizilegeza moja moja, na yeye akinifuata nyuma anazijaribu kwa mkono.